Aliniacha katikati ya mlima nimeshika koti lake

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Kilwa Masoko. Mume wangu ni mtu wa Tanga, ana miaka 53. Tuna watoto wawili ambao sasa wanajitegemea, na tumeishi Ujerumani miaka 14. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kusimama na kunyanyua watu kutwa nzima. Yeye ni dereva wa basi la mjini. Tunaishi vizuri. Hanipigi, hanitukani, mshahara wake anauweka mezani. Natanguliza hayo kwa sababu sitaki usome barua hii ukadhani nimeolewa na mtu mbaya.

Baba watoto anapenda makasri na ngome za zamani. Anasema alianza utotoni, akipita mbele ya boma la Mjerumani pale Tanga na kujiuliza: watu hawa kama huku ugenini wamejenga hivi, kwao wamejenga nini? Basi watoto walipoondoka nyumbani tukakubaliana kila mwaka tutoke wiki moja, sisi wawili tu. Bibi, nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa miaka yote hiyo likizo zetu zilikuwa za kwenda nyumbani na masanduku ya watu wengine, au za kubaki ndani tukihesabu ada.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Bavaria, kuiona Neuschwanstein, ile ngome nyeupe iliyo juu ya jabali ambayo picha yake iko kwenye kila kalenda. Tiketi ya pale ina saa yake. Ukichelewa, imekufa. Kutoka kijijini hadi getini ni mwendo wa kama dakika 40 kwa mguu, kupanda tu. Foleni ya basi ilikuwa ndefu, ya magari ya farasi ndefu zaidi, mume wangu akasema tutembee, si mbali.

Goti langu la kulia linaniuma mwaka wa nne sasa. Nyumbani sijalisema sana, nimezoea kunyamaza. Mwanzoni alikuwa kando yangu. Baadaye akawa hatua tatu mbele, baadaye nikawa namwona kwenye kona tu, amesimama anaangalia saa. "Mama watoto, jikaze, tunachelewa." Nikajikaza. Tulipofika nusu, goti likagoma. Yeye alikuwa ameshalivua koti kwa joto la kupanda. Akarudi, akanikabidhi lile koti, akasema, "Wewe pumzika hapa, mimi niwahi, zisipotee tiketi zote mbili." Akaenda.

Nilikaa kwenye gogo kando ya njia zaidi ya saa moja, koti lake mapajani. Farasi wanapita, watu wanapita, wazee wenye fimbo wanapita. Mke na mume mmoja, wageni kama mimi, walisimama wakaniuliza kama niko salama na wakanipa maji yao. Niliwaambia namsubiri mume wangu. Yule mama akamtazama mumewe, kisha akanishika bega. Hawakusema kitu.

Aliporudi uso ulikuwa unang'aa. Akanisimulia ukumbi wa kiti cha enzi, dhahabu na buluu juu hadi chini, na kiti chenyewe hakipo, kwa sababu mfalme alikufa kabla hakijatengenezwa. Mimi nikasema, "Mashallah." Nikampa koti lake. Mpaka leo hajui kilichonipata siku ile.

Sasa mwezi wa kumi tunakwenda Ureno. Ameandika ratiba na kuibandika kwenye friji: siku moja, mji wa Sintra karibu na Lisbon, ngome ya Waarabu saa tatu na nusu asubuhi, kasri la Pena saa sita, kasri la mjini saa tisa, jumba na bustani ya Quinta da Regaleira saa kumi na moja. Chini ameandika "kwa miguu kutoka stesheni". Kila asubuhi nikitoa maziwa naisoma. Dada yangu anasema nikatae kabisa. Rafiki yangu anasema niende lakini nibaki hotelini nilale.

Na kuna la pili. Mimi ni wa Kilwa. Tumekua tukiambiwa Wareno waliuteka na kuupora mji wetu mwaka 1505. Kulipa pesa ya jasho langu niende nikapande mlima na goti bovu, nishangae nyumba za wafalme wao, naona kama najidhalilisha. Nilipomwambia hilo alisema hiyo ni historia, imepita.

Niende au nisiende? Na la koti, nimwambie au nilimeze tu?

Mwana wa Kilwa, Ujerumani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye lile koti. Ungeniambia alikuacha tu, ningekuelewa. Lakini alikuacha na mzigo wake mkononi, ukamshikia saa nzima, kisha ukampa na "Mashallah" juu yake. Hilo halimezeki. Umelijaribu mwaka mzima na limekataa kushuka, ndiyo maana kila ukifungua friji linapanda tena.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nenda Ureno, usibaki hotelini, lakini la koti liseme kwanza, kabla hajalipia tiketi hata moja.

Mumeo alikosea. Nalisema wazi kwa sababu katika barua nzima hukulisema hata mara moja, umemtetea tangu mstari wa kwanza. Mtu mliyesafiri naye ili muwe wawili humwachi kwenye gogo ukaenda kutazama ukumbi. Tiketi mbili zingekufa, mngepata hasara, mngeshuka polepole mkanywa chai kijijini, na leo mngekuwa mnaisimulia.

Lakini nimemfikiria pia kazi yake. Dereva wa basi Ujerumani anaishi kwa dakika. Maisha yake yote abiria anayechelewa anaachwa kituoni, na hakuna anayemlaumu dereva. Siku ile mlimani alifanya hesabu anayoifanya kila siku. Aliona tiketi mbili zinakufa, akaiokoa moja. Hakuwa anakukimbia, alikuwa anaiwahi saa. Na wewe nawe, kazi yako ni kutazama maumivu ya watu wengine na kuyaficha yako. Goti la miaka minne, na mtu unayelala naye kitanda kimoja halijui! Hapo nawe una deni lako, mwanangu, dogo kuliko lake, lakini lipo.

Mwambie siku ambayo nyote wawili hamna zamu. Usimwambie usiku mmechoka, wala kwenye gari. Wala usisubiri mfike kwenye kilima kingine, maana huko maneno yatatoka na pumzi za hasira. Toa ile ratiba kwenye friji, iweke mezani, useme: "Baba watoto, kabla ya hii kuna jambo la Neuschwanstein sijakwambia. Ulipoingia peke yako, nilikaa chini zaidi ya saa moja nimeshika koti lako. Goti liliniuma, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba uliingia bila mimi." Kisha nyamaza. Usiongeze la mama yake, la pesa, wala la mwaka juzi. Mwache alibebe.

Atakuuliza, "Mbona hukusema?" Ni swali la haki, mjibu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba uliona aibu. Nadhani ataumia. Mtu anayebandika ratiba ya likizo kwenye friji anaingojea safari kama mtoto anavyoingojea Idi. Akisema unakuza mambo madogo, basi Sintra isogezwe mbele na uniandikie upya, maana tutakuwa tunazungumzia jambo jingine.

Sasa ile ratiba. Mimi na mzee wangu tulikwenda Sintra, mwezi huohuo wa kumi, kwa hiyo hapa nasema nilichokiona. Ratiba ya mumeo haiwezekani hata kwa vijana wa miaka 20. Kutoka Lisbon unapanda treni pale Rossio, dakika kama 40 uko Sintra. Stesheni iko bondeni. Mji wa zamani na kasri lake viko mwendo mfupi kutoka hapo. Lakini ngome ya Waarabu na Pena viko juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, Pena ikikaribia mita 500 kutoka usawa wa bahari, na njia ya mguu ni ngazi na mawe, mawe yenye kuvu yanayoteleza mvua ikinyesha. Na mwezi wa kumi mvua ipo. Kuna basi namba 434 linalozunguka stesheni, mjini, ngome, Pena, kisha linashuka. Hilo ndilo basi lenu, kwenda na kurudi. Wenye magoti wengi watakwambia kushuka ndiko kunakouma kuliko kupanda, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mpande na basi mshuke kwa mguu.

Na jambo moja la Pena lazima mumeo alijue mapema, kwa sababu ndipo Neuschwanstein inapoweza kujirudia. Tiketi ya kuingia ndani ya kasri ina saa yake nayo, na saa hiyo ni ya mlango wa kasri, si ya geti la bustani. Basi linakushusha getini. Kati ya geti na mlango kuna kilima kingine, chenyewe kikali. Tuliwaona watu wakikipanda mbio, mume mbele, mke nyuma, simu mkononi. Kuna kibasi kidogo cha ndani kinachopandisha watu kutoka getini. Kilipieni, na fikeni getini saa nzima kabla. Mwambie dereva wako hivi: mlango ule uwe kituo cha mwisho, na ratiba ihesabiwe kutoka hapo kurudi nyuma. Lugha hiyo ataielewa.

Kwa nini nasema usiikose Pena? Kwa sababu jibu la swali la mumeo, lile la boma la Tanga, liko pale. Kasri lile lililojengwa juu ya mlima wa Wareno ni kazi ya Mjerumani. Fernando wa Pili alikuwa mwana wa ukoo wa Saxe-Coburg, binamu yake Albert, yule mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alikuja Ureno kumwoa Malkia Maria wa Pili. Mwaka 1838 akanunua magofu ya nyumba ya watawa yaliyokuwa juu ya kile kilima, akampa kazi Mjerumani mwenzake, Wilhelm Ludwig von Eschwege, ambaye ujuzi wake hasa ulikuwa wa migodi. Ile sehemu nyekundu utakayoiona ndiyo nyumba ya watawa ya zamani, ya njano ndiyo aliyoiongeza Fernando. Kuna lango lina jitu la baharini, nusu mtu nusu samaki, limekaa kwenye kombe na mti wa mzabibu umemwota kichwani. Nililitazama hadi shingo ikauma. Na Pena ilikuwa imesimama zamani Neuschwanstein ilipoanza kujengwa mwaka 1869. Ludwig, yule mfalme wa Bavaria aliyeijenga Neuschwanstein, alizaliwa mwaka 1845, mafundi wa Fernando wakiwa kazini tayari.

Siku yetu ukungu ulitukuta juu. Minara ilikuwa inatokea na kupotea, dakika hii unaona njano, dakika ya pili huoni hata mkono wa mwenzio. Mzee wangu alinishika kiganja, jambo ambalo hadharani halifanyi, kwa kuogopa nisiteleze. Kulikuwa na baridi hasa, na Lisbon tuliacha jua. Kwa hiyo kila mmoja wenu abebe koti lake, na alivae mwenyewe.

Lakini nilichokipenda kuliko kasri ni kitu ambacho kwenye ratiba yenu hakimo kabisa. Malkia Maria alikufa mwaka 1853. Miaka baadaye Fernando akampenda mwimbaji wa opera, Elise Hensler, mwanamke asiye wa ukoo wa kifalme, na mwaka 1869 akamwoa. Alipewa cheo cha Countess wa Edla. Wawili hao, wakiwa na kasri zima la minara juu ya mlima, wakajijengea kijumba cha orofa moja chini bustanini, mbali na kelele. Kuta si za mbao, zimepakwa rangi tu zionekane mbao, na madirisha yamepambwa kwa gome la mti wa koki, lile linalotengenezwa vizibo vya chupa. Wakapanda miti na mikangaga kuzunguka. Kijumba kiliungua mwaka 1999, kikatengenezwa upya, na tangu mwaka 2011 watu wanaingia. Tulikaa pale kwenye benchi kwa muda mrefu, tukala mayai tuliyochemsha asubuhi. Nilimwambia mzee, tazama, mwenye kasri naye alitaka chumba kidogo na mtu wa kuzungumza naye. Fernando alipofariki mwaka 1885 alimwachia Elise Pena yote kwa wosia, na serikali ikaja kuinunua kwake.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya Sintra iwe ya Pena peke yake, asubuhi na mapema, kasri kisha bustani kisha kijumba. Msafiri mwingine atakwambia mnapoteza siku. Hampotezi kitu.

Siku ya pili mumeo aende ngome ya Waarabu peke yake. Ndiyo, peke yake, umenisikia vizuri. Ile ni ngome ya ngazi tupu, kuta zinatambaa juu ya majabali kama mgongo wa mamba, na goti lako halina kazi pale. Waislamu wa Andalusia ndio waliyoijenga, na Wakristo wa mfalme Afonso Henriques wakaichukua mwaka 1147. Amsalimie kila jiwe, ajipige picha, akurudie. Wewe saa hizo uko mjini, umekaa mkahawani na kahawa na queijada, kikeki kidogo cha jibini na mdalasini ambacho ndicho kitamu cha pale. Safari hii atakuwa amekuuliza, nawe umesema nenda, na saa ya kukutana mmepanga pamoja. Kule Bavaria uliachwa. Hapa umebaki kwa hiari yako, na mwili unajua tofauti.

Akirudi, ingieni pamoja kasri la mjini, lile lenye mabomba mawili meupe makubwa ya moshi wa jikoni, kila moja mita 33 kwenda juu. Ngazi ndani zipo, lakini za nyumbani, za kushika ukuta. Chumba cha ngao za koo 72 za wakubwa wa Ureno kiko humo. Pia kuna chumba ambamo mfalme Afonso wa Sita alifungiwa na nduguye miaka mingi hadi akafa mwaka 1683. Husimuliwa kwamba sakafu yake ililika kwa kutembea kwake huku na huku. Regaleira iacheni. Kile kisima chake cha ngazi za mzunguko kina kina cha mita 27, na picha mnaweza kuziona nyumbani.

Nimebakiza la Kilwa, na hilo nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Mumeo anasema imepita. Hapana, haijapita, iko Lisbon ndani ya kabati la kioo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi bahari yetu na merikebu za vita, akatia nanga Kilwa, na kwa vitisho akamlazimisha mtawala wa mji kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka uliofuata. Mfalme Manuel, ambaye aliongeza majengo kwenye kasri hilohilo la mjini Sintra, akaamuru itengenezwe chombo cha kanisani, kile ambacho padri hukiinua kuwaonyesha waumini Ekaristi. Sonara alikuwa Gil Vicente, kazi ikamalizika mwaka 1506. Ni dhahabu na rangi za kuchomea, kina urefu wa sentimita 73, na Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kukizunguka. Kipo katika jumba la makumbusho la sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Wareno hukiita Custódia de Belém, nao huwaambia wageni wazi kwamba dhahabu yake ni ya Kilwa. Katika maandishi yao ya zamani Kilwa ni Quíloa. Ukiliona jina hilo, ujue ni kwenu.

Nilisimama mbele yake nikiwa sijui nilie au nifurahi. Mitume wale ni wadogo kama kidole changu, lakini kila mmoja ana sura yake na ndevu zake. Fundi alikuwa fundi kweli, sitamnyima sifa. Lakini nilikuwa naitazama dhahabu, si Mitume. Nilifikiria mikono iliyoihesabu upande wa kwetu, kabla haijapakiwa.

Na makasri unayoyaona ya kwao usiyatazame kama mtu ambaye kwao hakukuwa na kitu. Ng'ambo ya maji pale Masoko ulipokulia, kwenye ukingo wa juu wa Kilwa Kisiwani unaotazama bahari, kuna Husuni Kubwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Manuel alizaliwa mwaka 1469. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imeshapita.

Basi siku ya kwanza ya safari, kabla ya Sintra, isiwe ya baba watoto. Iwe yako. Mpeleke kwenye jumba hilo la makumbusho. Ndani sakafu ni sawa na viti vya kupumzikia vipo. Wewe utangulie, yeye akufuate nyuma, na wewe ndiye umsimulie, ya Kilwa na ya Husuni na ya dhahabu, kwa mwendo wa goti lako. Hujidhalilishi hata kidogo. Unakwenda kama mtu aliyekwenda kuiona mali ya kwao mahali ilipowekwa. Na mume anayependa majengo ya zamani namna hiyo, mimi naamini siku ile atakuomba mwakani mwende Kisiwani, akaione Husuni Kubwa kwa macho yake. Mkubalie. Kutoka Masoko ni mashua tu.

Mengine ni madogo. Goti lionyeshe kwa daktari wiki hii, usingoje kurudi. Nunua fimbo ya kutembelea inayokunjika, ina msaada mkubwa kwenye kushuka, na usione haya, pale utawakuta vijana wenye fimbo mbili. Viatu viwe vya soli ya kukamata. Na kama ameandika "kwa miguu" ili kuokoa nauli, mkiondoa Regaleira, na wewe usipoingia ngome ya Waarabu, pesa ya tiketi hizo inalipa mabasi na chai inabaki. Na kama atauliza ngome gani nyingine za juu mtu mwenye goti anafika, mwambie Salzburg na Heidelberg. Huko kote kuna kigari cha reli kinachopandisha watu kilimani.

Kuna hadithi ya pale Sintra kwamba Manuel alikuwa akipanda kilima cha Pena kuitazama bahari, akingojea merikebu za Vasco da Gama zirudi. Sisi hatukuiona bahari, ukungu haukutupa nafasi. Mkiwahi siku ya jua, simameni kwenye ukuta wa nje upande wa magharibi, na ukirudi uniandikie kama mliiona.

Akupendaye,
Bibi